Maombi Marefu Ndani ya Treni ya Asubuhi

Watu wa Kiganjo mnaonicheka mpaka leo, wacha niseme mwenyewe, maana hiyo hadithi mmeitia chumvi mpaka sasa ati nilifika Mombasa. Sikufika Mombasa. Niliishia Ruiru, na slipasi miguuni, na aibu ya kunitosha mpaka uzee.

Mnamkumbuka Anneli, yule msichana wa Finland aliyekuja kusoma hapa Thika akakaa kwangu, akajua kupika mukimo kuliko mimi (sitaki maswali). Masomo yakaisha, akasema kabla arudi kwao anataka kuona bahari, na vile anapenda treni, atachukua ile ya asubuhi ya Thika mpaka Nairobi, halafu huko aunganishe ya Mombasa. Akikosa hiyo ya Mombasa, kila kitu kimeharibika, mpaka ndege ya kurudi kwao. Alinieleza pole pole na nikaelewa vizuri kabisa.

Tukamsindikiza, mimi na mama mkwe wangu, Shosho. Sasa mimi nimezaliwa nikisikia treni ikipiga honi, na haki sijawahi kuona ndani yake hata siku moja! Nilikuwa nataka kujua viti vinaangalia wapi, dirisha linafunguka aje, na mtu akibanwa anaenda wapi. Na kwetu mgeni haondoki bila kuombewa, si ndio? Nikaona hapo ndipo pa kupitia.

"Anneli, huku nje kuna kelele," nikamwambia. "Tuingie tukuombee tukiwa tumekaa."

Shosho akakataa, magoti yake na ngazi hawaelewani, akabaki hapo nje.

Nikaingia. Nikabonyeza kiti, nikachungulia chini yake, nikauliza mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti kama ile chuma ya juu ni ya kushikilia ama ni ya kuwekea mizigo. Halafu nikaweka mkono juu ya sanduku la Anneli, nikafunga macho, nikaanza.

Si mnajua maombi yangu. Nikaombea dereva, nikaombea reli, nikaombea bahari itulie, nikaombea wazazi wa Anneli na ng'ombe wao (sijui kama wanafuga, lakini niliombea), na vile roho ilikuwa inaniuma huyu mtoto kuenda, nikalia kidogo, nikapangusa machozi na leso, nikaendelea. Kuna mahali nilisikia miguu inatetemeka nikafikiri ni upako. Nikasema amina, behewa lote likajibu "Amina!", nikafungua macho, na Thika ilikuwa inarudi nyuma. Anneli hakuwa ndani.

Kumbe alishuka kumkumbatia Shosho. Amekaa kwangu akajua maombi yangu hayaishi leo, akaona ana nafasi ya kwenda na kurudi. Na pasipoti yake iko kwa sanduku.

"Woi! Simamisheni!" nikapiga nduru.

Mzee wa gazeti akaniangalia juu ya miwani. "Mama, si ni wewe umetuombea safari? Haya, imeanza." Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu.

Simu ikalia. "Mama, uko wapi?"

"Niko kwa treni yako!"

"Mimi niko na Shosho."

"Panda boda mpaka Ruiru! Mwambie mwenye boda asiangalie nyuma!"

Stesheni ya Kalimoni ilipita nikiwa nimesimama mlangoni, sanduku nimelikumbatia, sasa sioni viti wala madirisha. Nikaomba neno moja tu: "Afike."

Tukafika Ruiru na Anneli hayuko. Nikishuka na sanduku, treni inamuacha. Nikibaki, linaenda Nairobi bila yeye. Nikaweka mguu mmoja ndani, mwingine nje. Askari wa stesheni akaja mbio.

"Mama, unaingia ama unatoka?"

"Sijajua bado!"

Vichwa vikajaa madirishani. Ndio boda ikatokea na vumbi lake, Anneli akaruka ikiwa haijasimama vizuri, akakimbia, nikamvuta juu, nikamsukumia sanduku, nikashuka, na treni ikang'oa nanga. Mwenye boda akaja kando yangu.

"Mathe, na helmeti yangu?"

Nikaangalia. Anneli alikuwa dirishani, helmeti bado kichwani, ananipungia mkono na machozi yanamtoka.

Ya Mombasa aliipata, asante Mungu. Lakini wiki nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, kwamba kile chumba chake hakuna mtu mwingine atalala, kwamba mimi nina watoto na yeye ni mmoja wao. Na neno la mwisho alilosikia kwangu ni "Ingia, we mtoto, ingia!"

Siku hizi mgeni akitoka kwangu, naanza na kwaheri. Maombi yatamkuta njiani.