Mwaka Nyanya Alipomtoa Mama Juani

Mwaka jana nilirudi Kasongo mvua zikiwa zimefunga mbingu, na asubuhi ya kwanza nikanusa mpunga mbichi. Wewe uliyekulia huko unaijua harufu hiyo, tamu kidogo, chachu kidogo, ya punje zinazongojea jua na jua halitoki. Nilisimama katikati ya njia, bibi kizee mzima, pikipiki zikinipigia honi, nami nacheka peke yangu. Nilikuwa nimekumbuka mwaka ule walipotaka kumrudisha mama yangu kwao.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, nami nina miaka minane hivi. Kila nyumba ililima mpunga, upende usipende, na mpunga ulioingia ukungu haukupokelewa na serikali; mwenye nao alipigiwa kelele na askari, mara nyingine zaidi ya kelele. Shida ni kwamba mpunga wetu hukomaa mvua zikiwa bado zinanyesha. Basi kuanika kulikuwa vita. Jua likitoka, safu nzima ya nyumba inakimbia na mikeka. Wingu likija, mnakunja, mnarudisha ndani. Mara tano, mara sita kwa siku. Sisi watoto tuliona ni mchezo.

Mama alikuwa mtu wa kucheka. Kiangazi aliimba akitwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka majirani wakaitikia kutoka nyuani kwao. Lakini mvua za Novemba zikianza, kitu kilizimika ndani yake. Alilala mchana. Chungu kiliungua motoni na yeye yupo hapohapo. Ukimwita, aligeuza uso ukutani. Hakuwa na homa wala kidonda, na hilo ndilo lililomponza, kwa sababu shangazi, dada mkubwa wa baba aliyekaa safu yetu, hakuamini ugonjwa usioonekana.

"Huyu ni muvivu tu," alimwambia baba mbele yetu. "Hapa iko kazi, yeye iko analala. Umurudishe kwao Kabambare, wamufundishe kulima."

Baba alikuwa mpole, na mpole mwenye dada mwenye sauti kubwa hana lake. Alituma habari kwa mjomba: mavuno yakiisha, aje amchukue dada yake. Siku hiyo nilijificha nyuma ya kinu nikalia mpaka nikapata kwikwi. Sijawahi kuogopa vile tena.

Nasi tuliompenda tulimpenda vibaya. Kwetu mgonjwa huwekwa karibu na moto, basi tulimweka jikoni, kijumba kisicho na dirisha, mlango tukauziba kwa mkeka ili baridi isiingie. Kadiri tulivyomtunza ndivyo alivyozidi kufifia.

Aliyegundua ni nyanya, mama yake baba. Ndiyo, mama mkwe! Wengine husimulia mama wakwe zao kama chui. Wa kwetu alikuwa na macho. Alikuwa amemtazama mama mvua tatu mfululizo bila kusema neno.

"Mukwe wangu anashikwa kila mwaka mvua ikifunga," alimwambia baba, "na jua ikirudi anapona bila dawa. Uvivu hauna musimu."

Akaingia jikoni, akamshika mama mkono, akamtoa nje na kumkalisha kando ya mikeka. "Mutu hakauki ndani ya moshi, mama yangu. Kaa hapa, utulindie jua." Kazi yake ikawa hiyo: kutazama mbingu kwa niaba ya safu nzima, jua likitoka aite, mvua ikikaribia aite. Kila asubuhi, mama akitaka asitake, hata mbingu ikiwa ya kijivu. Bugali na ndakala, dagaa wakavu, aliletewa palepale nje. Mimi nilipewa fimbo ya kufukuza kuku na amri ya kutomwacha peke yake.

Siku za kwanza alikaa kimya, kuku wakala mpunga miguuni pake kila nilipogeuka. Shangazi alipita akauliza, "Mumeweka mulinzi, ao mumeweka kisiki?" Juma la pili mama alimfukuza kuku mmoja kwa mkono wake mwenyewe, nami nikakimbia kumpasha nyanya habari kana kwamba mama amejifungua pacha. Juma la tatu akaita jua. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini majirani, ambao nyanya alishawaonya, walitoka mbio kama wameitwa na chifu.

Kisha ikaja adhuhuri moja ya jua kali, bila wingu hata moja. Mama akainua pua. Akasimama.

"Mvua iko inakuja! Ingizeni mpunga!"

Majirani walitazama juu, wakatazamana, kisha wakakunja mikeka. Shangazi alicheka. "Jua hii yote? Sasa amepata wazimu kabisa." Akaendelea kusukwa nywele. Mdharau mwiba mguu huota tende. Tulikuwa hatujaingiza kikapu cha mwisho upepo ulipotokea upande wa mto na mbingu ikawa nyeusi. Shangazi alibaki ameshika kichwa, nusu amesukwa nusu bado, akipiga mayowe. Na mama, yule kisiki, akatupa kikapu chetu mlangoni akakimbilia kwake. Walikunja pamoja, mama akitoa amri na shangazi akitii! Mikeka mitatu ilipona, mmoja ulilowa. Mama alirudi amelowa chapachapa, anacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu Novemba, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Mjomba alifika mavuno yalipoisha, miguu imejaa tope la safari. Aliyempokea uani alikuwa shangazi.

"Ulikuja kuchukua nani? Hapa hakuna mutu wa kuchukua. Kula, upumzike, urudi."

Mjomba alikula wali siku tatu, akarudi Kabambare peke yake na mchele begani.

Usidhani mama alipona moja kwa moja. Novemba iliyofuata ule uzito ulirudi, ila sasa tuliujua. Mpunga ukiwa bado majani shambani, nyanya alitandika mkeka mtupu na kumkalisha mama juu yake. Mpita njia akauliza anaanika nini. "Ninaanika mukwe wangu," nyanya akajibu. Safu nzima ilicheka, na mama alicheka kuliko wote.

Leo safu ile haipo. Kila mlango una kufuli, na mtu akijifungia mwezi mzima jirani hupata habari msibani. Mimi pia mvua zimenishika mara nyingi maishani, nikajitoa nje mwenyewe, nikashinda. Lakini mkono kama ule wa nyanya sikuupata tena.

Mama hakurudishwa Kabambare kamwe. Nilimkuta Kasongo, amezikwa ubavuni pa mama mkwe wake, kichaka kikiwa kimewatia kivuli. Nilikaa pale mpaka wajukuu niliokwenda nao wakakikata chote, na jua lilipotoka likawafikia wote wawili.