Mahali Gideoni Alipopaacha Peupe

Kaka yangu Gideoni alikuwa na ugonjwa wa kupima. Ukimtuma chumvi dukani, atarudi akwambie kutoka mlangoni hadi dukani ni hatua mia nne na kumi na mbili, na chumvi ameisahau. Nayasema haya mapema ili msidhani nimekuja kumlilia tu. Nilimpenda, tena alinichosha, na jambo lililomvunja tulilifanya wawili, mimi na yeye, katika jiko la Chuo, mimi nikichambua maharage.

Chuo chenyewe kiko chini kidogo ya Vudee, mahali ambapo ukungu wa asubuhi ukifunguka unaiona Same yote kule tambarare na vumbi lake. Zamani ilikuwa shule ya misheni. Serikali ikaichukua, ikawa chuo cha walimu. Mimi nilikuwa mpishi pale. Gideoni alikuja mwaka 1971, akitokea kwenye mashamba ya mkonge. Miaka tisa alikuwa amemshikia mpimaji mmoja mnyororo wa kupimia, juani, miiba ikimchana miguu, mpaka akaijua kazi kuliko bwana wake. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na dira, kamba na mkono usiotetemeka.

Mkuu wa Chuo, Ndugu Lugano, mtu wa Tukuyu, alimwajiri kwa sababu ya maji. Wamisheni walipoondoka waliacha mabomba ardhini na hawakuacha karatasi hata moja ya kuonyesha yamepita wapi. Likipasuka moja, mafundi walichimba siku tatu huku na huku kama fuko, na sisi jikoni tunateka mtoni kwa ndoo. Gideoni akaambiwa: pima Chuo chote, utuchoree.

Alikipima kwa miezi kumi na minne. Kwanza alichora ardhi na mipaka kwenye karatasi moja kubwa. Kisha akachukua karatasi nyembamba, zile zinazopitisha mwanga, na kila moja akaipa jambo lake: ya kwanza majengo, ya pili mabomba, ya tatu mashamba na miti, ya nne njia, ya tano makaburi. Ukitaka kujua bomba gani linapita chini ya bweni gani, unailaza ya pili juu ya ya kwanza, unatazama. Ukitaka kujua pa kupanda kahawa bila kuziba njia, unalaza nyingine. Siku bomba la bweni la wasichana lilipopasuka, Gideoni alizilaza karatasi zake mezani, akatoka, akapiga hatua kadhaa nje ya ukuta, akasema, "Hapa." Fundi akachimba mara moja tu, maji yakamrukia usoni. Wanafunzi walimbeba kaka yangu juu juu. Sijawahi kumwona akicheka vile, kabla wala baada.

Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo hakujua apafanyeje.

Kwetu, mzee akishakaa ardhini miaka yake, ukoo ulikuwa unafukua kichwa chake, kinaoshwa, kinawekwa ndani ya chungu, na chungu kinapelekwa kukaa na vya wenzake kwenye kichaka cha ukoo. Tunakiita mpungi. Baba yetu hakubatizwa. Alikufa mwaka 1956, na mwaka 1963, Uhuru ukiwa bado mbichi, wazee walimpeleka huko. Kiongozi wao alikuwa baba mdogo Aminieli, ambaye Jumapili alikuwa mzee wa kanisa anayepitisha kapu la sadaka, na siku nyingine alikuwa mlinzi wa mpungi, wala hakuona ugumu wowote. Mwanamke haingii mle. Aliyekulia misheni bila kupitia jando la porini haingii pia, kwa hiyo Gideoni hakuwahi kukanyaga. Hapatajwi mbele ya mgeni, na hapaonyeshwi kwa kidole. Ukilazimika, unainua kidevu upande ule, basi. Mama yetu, Lukia, alibatizwa kitambo, ila kila alipomaliza kazi alikaa kwenye kigoda chake akitazama upande ule ule. Mumewe alikuwa huko.

Na mpungi ulikuwa ndani ya mpaka wa Chuo. Wamisheni walipopewa ardhi waliona kichaka tu.

Siku hiyo Gideoni aliingia jikoni na karatasi zake zimeviringishwa kwapani.

"Yudith, kazi imekwisha. Bado pale tu."

"Pale wapi?"

Akainua kidevu.

"Nikipachora, nimepaonyesha," alisema. "Nisipopachora, ramani ni ya uongo."

"Uongo kwa nani? Kwa Mkuu?" Nilikuwa na haraka, maharage ya watu mia mbili hayajainjikwa. "Baba mdogo akisikia umeandika mahali pa wazee kwenye karatasi ya Serikali, atakulaani mpaka uote ukoma. Acha peupe, kaka. Kisichoandikwa hakiulizwi."

Akafikiri kidogo, akasema, "Kweli." Akaenda akapaacha peupe, kwenye karatasi zote tano. Chini ya ramani akatia sahihi yake na maneno haya: Nimekagua kwa miguu yangu. Ni sahihi.

Nimeyarudia maneno yangu yale miaka mingi. Ningeweza kumwambia aandike "mawe". Aandike "msitu wa akiba", uongo mdogo tu, Mkuu angeuheshimu. Lakini sisi tulilelewa hivyo: kitu cha heshima hukilindi kwa kukisemea, unakilinda kwa kukinyamazia. Hatukujua kwamba mtu wa ofisini akiona peupe, anaona bure.

Mwishoni mwa 1974 agizo likaja. Watoto wote wa nchi waende shule, na walimu watoke wapi? Vyuo viongezwe. Chuo chetu kikaambiwa kijenge mabweni mawili kabla ya masika. Mkuu akamwita Gideoni ofisini, na mimi niliingia na birika la chai, kwa hiyo nilishuhudia kwa macho yangu. Ndugu Lugano alikuwa amezipanga karatasi zote tano juu ya kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, na jua linapita. Wino ulikuwa umejaa kila mahali: majengo, mabomba, vihamba vya migomba na kahawa, njia, misalaba midogo ya makaburi ya misheni. Mwanga ulipita safi mahali pamoja tu.

"Ndugu Gideoni," Mkuu alisema kwa furaha, "umetuokolea kazi ya mwezi mzima. Tazama hapa. Hapana jengo, hapana bomba, hapana shamba, hapana njia, hapana kaburi. Na bomba kuu liko hatua sitini. Jana nimekwenda mwenyewe kupaona. Ni kichaka tu."

Gideoni alinitazama. Mimi nikatazama chai.

Angesema pale pale, mambo yangekwisha. Ndugu Lugano hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliotangulia aliipindisha barabara nzima ili isiguse makaburi ya misheni, kwa sababu yalikuwa kwenye karatasi ya tano. Lakini Gideoni hakuwa na ruhusa ya kusema. Jioni ile ile alipanda kwa baba mdogo kuiomba.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Gideoni akamweleza yote. Mzee alimsikiliza huku akisugua kiko chake.

"Ukiwaambia, umepaonyesha," alisema hatimaye. "Walioko kule si watoto wadogo wa kusemewa. Waache walete chuma chao. Kikisogea pale, kitazimika chenyewe."

"Na kisipozimika?"

"Wewe baba yako yuko mle, halafu unamtilia shaka?"

Zikapita siku kumi na moja. Kila asubuhi Gideoni alikwenda kwa Mkuu akiwa na neno mdomoni, na kila asubuhi alilimeza. Mara moja alijaribu kusema udongo wa pale ni mbaya. Mkuu akacheka, akamkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyemwambia upande ule wote udongo ni imara. Kaka yangu akaacha kula. Nilimwekea ugali, akaugeuza geuza tu. Nikamgombeza, Mungu anisamehe, kwa sababu hofu yangu ilikuwa inatoka kwa mlango wa hasira.

Tingatinga lilipandishwa kutoka shamba la mkonge siku ya Jumanne. Gideoni alipolisikia linaunguruma kwenye kona, alikwenda ofisini akasema yote. Aliniambia baadaye kwamba Ndugu Lugano aliiweka ramani mbele yake.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu, Ndugu Mkuu."

"Ungenichorea msalaba mmoja tu. Hata kidoti. Mimi ni mtu wa ukoo kama wewe, nisingegusa." Akafuta uso kwa leso. "Sasa matofali yamefyatuliwa, Wizara imekubali mahali pale kwa barua. Nikiwaandikia kwamba nasimamisha bweni kwa ajili ya mafuvu, wataniuliza nafundisha walimu au waganga. Nakupa mpaka kesho saa tatu asubuhi. Wahamisheni."

Akapanda tena kwa baba mdogo, mbio. Mzee hakutaka hata kumkaribisha ndani.

"Kumbe umeshawaambia," alisema.

"Tuna mpaka kesho, baba mdogo. Twende tukawatoe."

"Kesho saa tatu!" Mzee alifoka. "Kuwahamisha kunataka mbuzi. Kunataka ukoo uitwe, walioko Kisiwani, walioko Ugweno, kila tumbo la ukoo lisimame kwenye chungu chake. Ni siku nne, tano. Wazee si abiria wa kupangiwa saa. Umewauza, Gideoni. Ulizunguka na kamba zako mwaka mzima ukiwapigia mahesabu, na leo umewauza." Akafunga mlango.

Hivyo ndivyo alivyopata lawama zote mbili, ya aliyenyamaza na ya aliyesema, na zote alizistahili kidogo na hakuzistahili kabisa.

Asubuhi ya Jumatano baba mdogo na wazee watatu walisimama mbali, wakingoja chuma kizime. Hakikuzima. Kiliingia kichakani kwa urahisi, miti ikalala, ardhi ikageuka nyekundu. Dereva, mtu wa Songea, alikwenda na kurudi mara mbili kabla hajaona vigae na kilichokuwa ndani ya vigae. Alizima injini mwenyewe, akashuka, akavua kofia. Baba mdogo alikaa chini, pale pale kwenye majani yenye umande, akalia kwa sauti. Sikujua kwamba mzee yule anaweza kulia.

Ndugu Lugano akasimamisha kazi siku mbili, kwa gharama yake mbele ya wakubwa, nataka hilo lijulikane. Wazee wakaokota. Hapo ndipo mimi nami niliingia mpungi kwa mara ya kwanza, mwanamke, wala hakuna aliyenizuia, kwa kuwa hapakuwa tena na mahali pa kuzuia. Tuliokota vipande kwenye magunia ya kahawa, na kipande kimoja hakikutofautiana na kingine. Baba mdogo alizoea kumtambua kila mzee kwa jiwe alilokaa chini yake na mti uliokuwa karibu. Mawe yalikuwa yamesukumwa bondeni. Miti ilikuwa imelala.

Akamgeukia kaka yangu. Sasa hakuwa na ukali, alikuwa anaomba.

"Wewe mpimaji. Wewe ulipima mpaka vyoo. Nionyeshe alipokuwa baba yako, angalau nijue nianzie wapi."

Gideoni akatandaza karatasi zake juu ya udongo. Akazitazama moja moja, kana kwamba huenda mkono wake uliandika kitu bila yeye kujua. Akapiga hatua kutoka kona ya bweni la zamani, akasimama, akarudi, akapiga tena. Hakuwahi kuingia mle. Hakuwa na hatua hata moja ya kuanzia. Nikamwona anazikunja karatasi taratibu, ncha kwa ncha, na sikuweza kumwendea.

Tukawazika wote pamoja, katika shimo refu moja upande wa juu wa barabara, nje ya eneo la mabweni. Sijui tulizika wangapi.

Siku ya tatu Mama alitaka kupelekwa. Alikuja na kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa ambayo Baba aliipenda, na ambayo kanisani angeulizwa ameibebea nini. Alikuwa hajamkaribia mumewe kwa miaka kumi na miwili. Gideoni alimshika mkono hadi kwenye ule udongo mpya, mrefu, uliokuwa haujashindiliwa vizuri. Mama akasimama upande mmoja, akainamisha kibuyu, akamimina kidogo.

"Ni hapa, Gideoni?"

"Sijui, Mama."

Akasogea hatua moja. Akamimina tena.

"Hapa je?"

"Sijui, Mama."

Akaendelea hivyo, hatua kwa hatua, akiuliza kila mahali, na kaka yangu akimjibu lile lile. Kibuyu kikaisha kabla hajafika katikati.