Klarineti ya Marehemu wa Mbaha

Mama yule alipopanda milima kutoka Mbaha, kando ya ziwa, hadi karakana yangu ya useremala huko Matiri, nilidhani amekuja kuagiza msalaba wa kaburi, kwa kuwa alivaa kaniki ya msiba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi juu ya gogo na kufungua kitambaa alichokibeba kifuani. Ndani mlikuwa na vipande vitano vyeusi, vimegandwa na masizi, vyenye matundu na vyuma vilivyofifia.

"Mume wangu amefariki mwezi uliopita," alisema. "Kitu hiki kilikaa darini, juu ya meko, tangu aliponioa. Alinikataza kukigusa. Sasa shemeji yangu anasema ni uchawi, kitupwe ziwani. Nimetembea siku mbili, fundi. Nataka kujua niliishi na nini."

Nilikwangua masizi kidogo kwa ncha ya kisu, nikauona mti ninaoufahamu, mpingo. Nikamwambia mambo ya uchawi siyajui, ila mti huu ulichongwa na fundi aliyenizidi mbali sana.

Tukaenda kwa mwalimu aliyekuwa akipiga kinanda kanisani kwetu. Alivipanga vipande mezani, akavigeuza, akavipanga upya. Halafu akavua kofia.

"Klarineti," alisema. "Bendi za misheni zilikuwa nazo wakati wa Mjerumani. Baada ya vita sikuiona tena hata moja."

"Inafanya nini?" mama akauliza.

"Inapulizwa, mama. Ni kama filimbi, lakini sauti yake ni nzito."

Mama hakutaka kurudi kwake kabla ya kuisikia. Akakaa nyumbani kwangu karibu wiki tatu, akimsaidia mke wangu kuchuma kahawa. Mimi nilisafisha matundu kwa kitambaa na mafuta ya karanga. Kipande cha juu kilikuwa na ufa. Niliujaza unga wa mpingo na gundi, kisha nikauzungushia uzi uliopakwa nta. Ngozi za vifuniko vya matundu zilikuwa zimeliwa na mende, nikakata nyingine kutoka ngozi ya mwanambuzi. Springi mbili zilikuwa zimekatika, nikaweka sindano za cherehani mahali pake. Ulimi wa mdomoni, kile kibanzi chembamba kinachotoa sauti, haukuwapo kabisa. Mwalimu akauchonga kwa tete. Aliharibu nyingi kabla ya kupata mmoja uliofaa.

Nilipokuwa nikisugua mdomo wa klarineti niliona alama mbili za meno zimezama. Pete za matundu nazo zilikuwa zimelika kwa vidole. Nikamwita mama nikamwonyesha.

"Mwenye kitu hiki alikipiga miaka mingi," nilimwambia.

Alipitisha kidole juu ya zile alama. "Alichukuliwa upagazi vitani," alisema. "Alirudi bila vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nilipoolewa nilimkuta hivyo."

Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, aliweka kikapu chini akaja kuketi karibu naye.

Jumapili, baada ya misa, mwalimu alisimama kando ya kinanda akapuliza. Mwanzoni ilikwaruza, watoto wakacheka. Kisha sauti ikafunguka, nzito na ya taratibu, akapiga wimbo wa kuombea marehemu hadi mwisho. Mama alijifunika uso kwa kaniki. Akaomba upigwe tena, ukapigwa.

"Alikuwa mtu wa kukaa kimya," alituambia tulipotoka nje. "Miaka yote ile nilidhani ananinunia mimi."

Asubuhi iliyofuata nilimfungia mama vipande vyote vizuri. Mwalimu alipokuja kuaga, mama akamkabidhi yeye. "Kwangu hakuna wa kuipuliza," alisema. "Shemeji nitamweleza mwenyewe." Nilimsindikiza hadi njia inapoanza kuteremka ziwani. Aliniaga kwa kunishika mikono yote miwili, akavitazama kidogo vidole vyangu, akaondoka.