Maji ya Miche na Chai ya Ndunda

"Mwaitu, shuka kwa hiyo pipa."

"Sishuki."

"Nakuomba kwa heshima, mama. Ndunda ameshatoka Athi River. Atafika saa yoyote na sijachemsha kitu."

"Chemsha ya kisima."

"Ati ya kisima! Unataka bwana yangu anywe chai ya chumvi kama mtu ameng'olewa jino?"

Wayua alisimama mbele yangu na sufuria mkononi, leso ameifunga kiunoni kwa fundo la mtu aliyekuja kupigana. Mimi nikajiweka sawa juu ya kifuniko. Pipa lilikuwa pale jikoni penye ukuta, na nilipolikalia lililia kama ngoma, ndipo nikajua kilichobaki ndani hakifiki hata kwenye kifundo cha mguu. Hayo ndiyo yalikuwa maji ya mvua ya mwisho kwetu. Mawingu ya kutuletea mengine yalikuwa bado yanazurura huko milimani kama vijana wasio na kazi.

Huyu Wayua ni mke wa mwanangu Ndunda, na Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba chetu. Kabla ya kuja kukaa nami hapa Katangi alikuwa akishona kwenye kiwanda kimoja huko Athi River, mifuko ya suruali tu, asubuhi mpaka jioni, hadi siku moja akafika nyumbani akakuta leso yake mwenyewe ina mifuko minne. Yeye anakataa, lakini mimi niliiona. Kazi ilipokwisha alikuja na mtoto wao Tracy mgongoni, na kifurushi cha vijiti vya rosmari ndani ya gazeti lililoloa. Nilidhani ameniletea kuni.

Vijiti vikatoa majani. Akaongeza dhania, mnanaa, mrehani na mchaichai, kila kitu kwenye mitungi iliyokatwa na pakiti za maziwa, nyuma ya jikoni. Jirani yetu Kamanthe alichungulia juu ya ua akauliza ni mbuzi wa aina gani atakayelishwa hayo. Mwezi haukuisha, tumbo likamsokota, akaja kuomba mnanaa akiwa amejikunja kama kijiko. Baadaye wanawake wa sokoni wakaanza kununua miche. Wayua akawa mtu wa kuimba asubuhi.

Kisha kikachimbwa kile kisima kirefu. Maji yalitoka mengi, meupe, tukacheza hadi vumbi likatufunika. Wayua akamwagilia kitalu chote kwa furaha. Hazikupita siku nyingi, ncha za majani zikawa kahawia kana kwamba mtu amezipitishia pasi. Udongo ukaota unga mweupe, na miche ikalala chini mmoja baada ya mwingine. Kumbe ni chumvi. Tena chumvi gani! Mbuzi wa Kamanthe aliyanywa maji yale, na tulipomchinja nyama haikuhitaji kutiwa kitu.

Ndunda alikuja, akaitazama ile miche iliyokufa, akanyamaza. Mtoto wangu akinyamaza, jua ameamua. Juzi akapiga simu: kiwandani wanaandika watu tena. Anakuja Jumamosi, na akikuta vijiti vikavu kama mara ile, Wayua na Tracy wafunge nguo, waondoke naye. Wayua aliweka simu chini, akachukua kopo lenye matundu akaenda kumwagilia miche mipya, ile anayoilea kwa maji ya mvua tu, jua likiwa utosini. Wayua, ambaye hamwagilii mchana hata umchape!

Tangu siku hiyo chakula hakishuki. Nacheka na kutania tu, basi. Wakiondoka nitabaki na kuku, na kuku hawajui kusikiliza hadithi.

"Akionja chumvi kwa chai," Wayua akasema, "atauliza mtoto anaishi aje hapa. Ataanza na chai, amalizie na miche."

"Ndunda nimemlea kwa maji ya bwawa. Aliwahi kumeza chura mzima, akawa akilala anakoroma sauti mbili."

"Mwaitu, hadithi leo sitaki."

Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, kisha ikatulia. Akaketi kwenye kigoda, sufuria mapajani.

"Na nikiipa miche maji yote, halafu ikufe tu? Nitakuwa nimekosa chai na nimekosa miche."

Nikamwambia kwamba mwaka mmoja wa kiangazi nilishika wingu huko Tala, nikalifungia kwenye kiondo, na lingefika hapa kama halingevuja lote Kithimani. Hakucheka. Basi nikashuka kwenye pipa, magoti yakilia.

"Chota wewe. Uamue wewe."

Aliinama ndani hadi nikaona visigino vyake tu. Akakwangua kwa kikombe, akajaza sufuria, akaitazama. Akaenda nayo kwenye mafiga, akasimama. Akatoka nayo nje. Nilimfuata hadi mlangoni. Aliondoa nyasi za kivuli, ile miche ikaonekana, majani mawili mawili, membamba, imeinamia upande mmoja kama watu wanaosikiliza mlangoni. Akaimwagia maji kwa kopo, mstari kwa mstari, polepole, mpaka tone la mwisho.

Aliporudi alibandika maji ya kisima, akatupa tangawizi na mchaichai, konzi nzima.

"Maziwa nisitie. Yatakatika," akasema. "Akiuliza?"

"Nitamwambia ng'ombe wa Kamanthe ameenda semina."

"Na akiuliza mbona miche imelala?"

"Nitamwambia inasali."

Sasa alicheka, lakini kicheko kikaishia njiani. Akafuta macho kwa upindo wa leso na kunishika mkono.

"Usimdanganye, Mwaitu. Leo sema ukweli mara moja tu. Mwambie mimi sitaki kwenda. Nikisema mimi ataona ni kiburi. Lakini wewe ukimwambia, atasiki—"

Mlango wa nyuma ukasukumwa. Ndunda hakuwa amepitia langoni. Viatu vyake vilikuwa na udongo uliolowa wa kitalu, na kwapani alikuwa na begi la kufungia nguo za Wayua na Tracy, bado tupu, limekunjwa. Alitutazama sisi wawili, akalitazama pipa lililo wazi. Alikuwa akitafuna kitu polepole, na jikoni kote kukanukia mnanaa mbichi wa miche ile.