Vidole Viwili vya Mpiga Picha
Mpiga picha wa mtaani kwetu hukishika kidevu cha kila mteja kwa vidole viwili, akakiinua taratibu kama anayefunua chungu cha moto. "Tazama hapa, dada. Ukuta hautakuposa," husema, na hata aliyenuna hucheka. Vidole hivyo hivyo ndivyo anavyoandikia kwenye simu, katika kundi ambamo wapiga picha huweka picha za familia ili wenzao wazikosoe, na yeye hakosi la kusema. Juzi binti mmoja aliweka picha ya kwao: wazazi, watoto, na bibi katikati, uso kaugeuza kwa mtoto mchanga. Mpiga picha akaandika: "Bibi katazama pembeni, picha imekufa. Hukuwa na mdomo wa kumwita?" Kundi zima likacheka. "Mzee hana breki huyu!" Mpiga picha kichwa kikamvimba.

Jibu likaja: "Shikamoo baba. Bibi yetu haoni. Alisikia kitukuu akipiga chafya, akamgeukia. Lakini asante, nitajifunza." Asante ile ilimchoma kuliko tusi. Akafuta maneno yake upesi, lakini maji yakimwagika hayazoleki: binti alikuwa amejibu kwa kuyanukuu, nayo yakabaki pale juu ya asante yake, kila mtu ayasome. Asubuhi yake akaja mama mmoja mzee na wanawe, akakaa kitini, akamgeukia kitinda mimba wake. Vidole viwili vikainuka vyenyewe, vikafika nusu ya njia, vikarudi mfukoni. "Kaa hivyo hivyo, mama," alisema, macho yake yakiwa sakafuni.