Makaa Yaliyoingiwa na Gesi Mara ya Pili

Msiniambie Wangila alikuwa mzembe! Mimi Kavetsa nilifagia ile maabara ya chuo huko Kesses tangu ifunguliwe, na sijaona mtu mwangalifu kama yeye. Alikuwa fundi wa maabara. Kabla ya hapo aliwasha boila ya kiwanda cha nguo mjini Eldoret, kwa hivyo makaa ya mawe aliyajua kwa mikono.

Kazi yake ilikuwa hii: anaweka kipande cha makaa kwenye chupa ya chuma, anatoa hewa yote, anaingiza gesi, halafu anasoma kwenye geji makaa yamenyonya kiasi gani. Kila mara anachukua kipande kipya kwenye mkebe, kilichotumika kinatupwa. Hiyo ilikuwa amri ya Daktari Githinji, mkubwa wa utafiti.

Mwezi wa sita 1987, namba zikaanza kupanda. Makaa ni ya gunia moja, lakini leo yananyonya kuliko jana. Daktari akawaka. Akasema Wangila anapika namba. Akaandika barua, na ndani akatia neno hujuma. Woi! Miaka hiyo, neno hilo likikaa karibu na jina lako, Landrova ya polisi inakuja kwako, na mkeo hajui aende kukuulizia wapi. Barua ingepelekwa mjini Ijumaa saa kumi.

"Nipe mpaka hiyo saa kumi," Wangila akamwomba.

Ijumaa asubuhi akavunja kipande kutoka kwa jiwe kubwa la makaa lililofungiwa stoo. Daktari amekaa kando, barua mfukoni. Mimi napiga deki. Gesi ikaingia: namba ikawa ndogo, kama zile za mwanzo wa mwaka. Akaitoa gesi, akaiingiza tena kwa kipande kile kile. Namba ikapanda. Mara ya tatu ikapanda tena.

"Makaa yana vitundu ambavyo jicho halioni, Daktari," akasema, jasho linamtoka. "Gesi ikiingia, yanavimba. Ikitoka, vitundu havirudi vilivyokuwa. Vingine vimepanuka, nyufa zimefunguka. Sikupika namba. Vile vipande vya kwenye mkebe vilishatumika."

"Nani alivirudisha?"

Nikaacha kupiga deki. Ni mimi! Kila jioni nilikuta kwenye takataka makaa mazima, hata hayajaguswa na moto, na mimi nyumbani huko Langas nahangaika kutafuta ya kupikia. Kuyabeba nyumbani ni wizi. Kuyatupa, jamani, si ni dhambi? Basi mwezi huo nikawa nayapangusa, nayarudisha kwenye mkebe wa mapya, najiona mfanyakazi mzuri kweli.

Wangila aliniangalia mara moja tu.

"Ni mimi, Daktari. Niliona gunia linaisha."

Daktari akachana barua. Akaandika nyingine papo hapo: amefutwa kazi kwa kukaidi amri.

Nilimkimbilia mpaka getini, nalia. "Wangila, wacha nirudi niseme ukweli!"

"Nyamaza, Mama Rosebella. Nani ataamini mfagiaji alirudisha makaa kwa huruma tu? Watauliza ulitumwa na nani. Tutabebwa sisi wawili."

Nikanyamaza. Watu husema nilimlilia sana siku hiyo, na ni kweli nililia. Lakini aliponiambia nisirudi kusema, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha.