Kutandika Mabomba Kabla Mvua Haijakatika

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nichimbe, nikaona aibu kuuliza nichimbe wapi. Nilisimama na sururu getini mpaka Fundi, ambaye ni mjomba wangu, akanikuta nimeganda.

"Wewe umeajiriwa kulinda geti?"

Nikachimba. Nilichimba pasipotakiwa, lakini nilichimba.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, kisha nasubiri kupangiwa shule. Nyumbani Kiomboi sikutulia. Nilifagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia. Mama akachoka, akanipandisha basi nije kwa kaka yake Singida Mjini. Nawaandikia ninyi mnaokuja nyuma yangu mjue kazi ya bomba ilivyofanywa wakati wetu, yaani Desemba mpaka Juni.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa nyumba ya wageni karibu na Ziwa Kindai, tulikozibua mabomba yaliyojaa chumvi. Pale nilijifunza elbo, kipande cha kona, na tii, kipande chenye midomo mitatu. Kituo cha pili ndicho ninachotaka kusimulia. Ilikuwa nyumba ya Mama Muuguzi, mstaafu wa hospitali, mwenye ukoka mzuri mbele ya baraza. Alitaka vinyunyizio, vile vichwa vidogo vinavyochomoza ardhini na kuzungusha maji vyenyewe.

"Tusubiri mvua zikatike, Mama," Fundi alisema. "Kwenye tope mtaro unabomoka, bomba linalala kombo. Halafu kuna upepo. Sasa hivi umetulia. Ukianza kuvuma mwezi wa sita, ndipo tutajua kila kichwa kikae wapi."

"Mwezi wa sita ni mbali."

"Si mbali sana."

"Fundi, nimekwambia ni mbali."

Wote wawili wakatazama barazani. Mume wake, Mzee, aliyekuwa nyapara wa ujenzi wa barabara, alilala kwenye kiti kirefu amefunikwa blanketi. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani, na waliokuja kumsalimia waliondoka wameinamisha vichwa. Vinyunyizio alivitaka yeye. Aliviona zamani kwenye hoteli fulani Dodoma, akatamani kuviona vikizunguka kwake.

Tulipotoka nje Fundi akaniambia sababu nyingine. "Pale patapigwa turubai siku si nyingi. Vijana wa turubai wanagongelea vigingi vya chuma popote. Magari yatapanda ukoka, kuni zitapasuliwa juu yake. Bomba litapona? Sasa utamwambiaje mama wa watu?"

Tangu hapo sikupata raha. Tuliendelea kwenda pale kurekebisha tangi, na kila nilipopita barazani nilitembea haraka. Siku moja Mzee akaniita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Sogea. Mjomba wako ananizungusha na habari za tope. Mimi nimejenga barabara kwenye tope. Kuna nini?"

"Sijui, babu."

"Unajua. Mbona unatazama miguu yako?"

Nikasema, "Vigingi."

"Vigingi vya nini?"

"Vya turubai, babu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee akacheka mpaka kikohozi kikambana, Mama Muuguzi akaja mbio na maji.

"Umemfanya nini mgonjwa wangu?"

"Mwache," Mzee alisema. "Huyu ndiye pekee anayeongea na mimi humu ndani. Wengine mnaongea na blanketi."

Akainua fimbo yake, akaonyesha upande wa pili wa uwanja. "Turubai likae kule kwenye banda la kuku. Udongo wa kule umeshika, vigingi havitalegea. Magari yabaki nje. Waombolezaji watanusa kuku kidogo, hawatakufa."

"Mzee, acha hayo."

"Niache nini? Wewe ndiye utakayewasimamia."

Mama Muuguzi alikaa kwenye ngazi. Alikunja kanga yake, akaikunjua. Mwisho akasema, "Kuku watahamishwa."

Fundi aliposikia alinitazama muda mrefu. "Na mdomo huo ulikuwa umeuficha wapi?" Mpaka leo sijui kama alinigombeza au alinisifu.

Tukachimba mvuani. Mtaro ulibomoka kama alivyosema, tukauchimba upya. Tuliyasafisha mabomba kwa maji kabla ya kufunga vichwa, kwa sababu mchanga ukiingia kichwani hakizunguki tena. Siku ya kufungua koki kulikuwa na manyunyu. Vichwa vikatoka ardhini, vikaanza kuzunguka. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Jamani, mnaimwagilia mvua?"

"Ndiyo," Mzee akajibu, "inakauka."

Mvua zikakatika. Mzee hakupona, wala hakwenda popote. Mwezi wa sita upepo ukaja na maji yote yakawa yanaruka ukuta na kulowesha nguo za jirani yule yule. Nusu ya ukoka ikageuka njano. Fundi alisimama mikono kiunoni.

"Fundi," Mzee aliita, "ulisema tusubiri upepo."

"Nilisema, Mzee."

"Ulisema kweli. Nimeishi mpaka nikaona kosa letu!" Uso ulimng'aa kama aliyeiba kitu asikamatwe. "Haya, chimbueni."

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa ya kufukua bomba nililolifukia mwenyewe, na udongo ulikuwa mgumu kama saruji.

Sasa nimestaafu, niko bwenini, kidato cha tano. Mkiniuliza wakati mzuri wa kuweka vinyunyizio, Fundi ndiye aliye sahihi: mvua zimekatika, udongo bado laini, upepo umeanza kujitokeza. Mwambieni mteja hivyo. Halafu mwulizeni ana haraka ya nini, na msikilize jibu lote.

Wiki nzima ya kwanza hapa chakula hakikushuka. Jumapili nikaomba simu ya matroni, nikampigia Mama Muuguzi. Nilichotaka kuuliza sikuweza kukiuliza.

"Maji yanafika?" nikasema.

"Upande wa geti bado yanasuasua."

Nyuma yake sauti ikadakia, kavu, yenye hasira. "Mwambie mjomba wake kile kichwa cha geti kinatema kama kibogoyo! Aje leo!"

Nikamrudishia matroni simu yake, nikakimbia kuwahi foleni ya chakula.